Nimelipa mara mbili ya nilichopanga kwenye mnada wa mtandaoni. Nimepigwa au nimejipiga mwenyewe?

Mkanda36 (Dar)

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri ila msinicheke sana, nyumbani nishachekwa vya kutosha.

Mimi hobi yangu ni kamera za mkanda, zile za zamani za kuzungusha. Nilianza na Zenit ya marehemu babu mdogo, ikaja ikafa, nikasema sasa nitafute Canon AE-1 na lenzi yake ya 50mm 1.8. Bongo nimezunguka nikakosa, zilizopo wenyewe wanataja bei kama wanauza kiwanja. Ndo nikaingia kwenye mtandao mmoja wa minada wa Uingereza, jina niliache, nikaiona inang'aa hiyo, imeanzia pauni 31, binamu yangu anaishi kule nikajua ataipokea. Nikajiwekea kabisa kwamba mwisho wangu ni pauni 70 na sirudi nyuma.

Mnada unaisha Jumapili saa 4 usiku kwa saa zetu. Jumapili hiyo hiyo nina kikao cha harusi ya shemeji, kilitakiwa kiishe saa 2, mnavijua vikao vyetu. Basi mwenyekiti anasoma ahadi za wajumbe, mimi simu iko chini ya meza, chaji asilimia 9. Dakika nne za mwisho bado naongoza kwa 64, kijani. Mara nyekundu, mtu kaweka 68. Nikaweka 72, nyekundu. 80, nyekundu. Sasa hapo akili ilishahama, sikuwa naiangalia tena kamera, namuangalia yule mtu, jina lake lina nyota katikati huwezi hata kumjua, najisemea huyu hanichukulii kitu changu. KITU CHANGU jamani, kitu sijawahi hata kukishika. 95, 110, nyekundu zote. Mwenyekiti akaita jina langu nikasimama, jirani yangu alikuwa ametoa laki na mimi nilipanga hamsini, nikasikia mdomo wangu unasema laki. Nikakaa, nikaandika 150, ikawa kijani, ikaisha. Nimeshinda kwa 143. Watu wanapiga makofi ya ile laki, mimi najiona kama wananipigia makofi ya kamera.

Jumlisha posta ya ndani kule pauni 9, hiyo ni laki tano na kitu kwa hela yetu. Imekaa kwa binamu miezi miwili mpaka alipokuja likizo. Nimeifungua juzi: ukipiga inakohoa, yani ile klak inafuatiwa na mlio kama kuku mwenye mafua. Mlango wa nyuma una sponji zimeyeyuka zinanata kama lami. Na lenzi ukiielekeza kwenye taa unaona kama utando wa buibui pembeni.

Maswali yangu: yule aliyekuwa anapandisha dau anaweza kuwa ni muuzaji mwenyewe? Niitengeneze au niiuze? Na nyie mnawezaje kusimama pale mlipopanga?

Kobe_wa_Buza

Hapo kwenye kikao nimelia. Umetoa ahadi mbili ndani ya dakika tano na zote ulisukumwa na jirani. Shemeji ajue tu kwamba ile laki iko ndani ya kamera.

fundi_lenzi (Mombasa)

Pole mwanangu. Mimi kazi yangu ni hizi hizi, kwa hiyo nianze na ugonjwa kwanza, pesa wataizungumza wenzangu.

Huko kukohoa ni maradhi ya kawaida ya AE-1, nyingi zikizeeka huwa hivyo. Kuna gia ndogo upande wa kile kioo kinachoruka ndani, imekauka mafuta. Dawa yake ni tone moja la mafuta mepesi ya saa kwa sindano nyembamba, lakini lifike pale pale, sio unamwaga kama unapaka mkate. Usiende kumpa fundi simu akunyunyizie mafuta ya bawaba, yatasambaa mpaka kwenye shata, ile inayofunguka kupitisha mwanga, na shata ya kamera hiyo ni pazia za kitambaa, zikishaingia mafuta umekwisha. Ukiiacha hivyo hivyo na ukohozi wake kioo kinazidi kuwa kizito mpaka picha zinaharibika, kwa hiyo usingoje.

Sponji nazo ni umri tu. Kamera aina hii ilitoka 1976, sponji gani itakaa miaka yote hiyo. Unazikwangua na kijiti cha mti na spiriti taratibu, unabandika mpya. Kazi ya saa moja na uchafu mwingi.

Lenzi ndio mashaka. Huo utando ni fangasi. Ikiwa ni mpya inafutika ukifungua vioo, ikiwa ya siku nyingi huwa ishakula ile rangi ya juu ya kioo na alama haitoki tena, ingawa picha bado utapata, utaona tu zimefifia ukipiga ukielekea jua. Na wewe uko Dar, sisi sote watu wa pwani hewa yetu ina maji, kwa hiyo itengwe na lenzi zako nyingine, weka kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana na vile vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Sio mchele! Kila siku naletewa kamera ina mchele ndani. Mchele una vumbi na una wadudu.

Betri je, ulitia? Kamera hii bila betri ya volti 6 haipigi kabisa, na kile kifuniko cha betri huvunjika meno. Wauzaji wengi huandika "haijajaribiwa, hatuna betri". Betri yenyewe bei yake ni ya soda mbili tatu! Mtu anauza kitu cha pauni mia akashindwa kununua betri? Hajashindwa huyo, alitia akaona majibu. Mimi nikisoma "haijajaribiwa" naisoma "mbovu" na natoa bei ya mbovu.

Ingeletwa mezani kwangu ilivyo hivyo ningetoa pauni 40, na hapo nimekuonea haya kwa sababu ya lenzi.

Mkanda36

Shukrani sana mzee wangu. Betri ninayo na inapiga, ni huo ukohozi tu. Kuhusu tangazo, nimerudi kulisoma vizuri leo (nililisoma kwa macho ya mapenzi), lilisema "imetoka kwenye nyumba ya marehemu, mimi sio mtaalamu wa kamera, picha ni sehemu ya maelezo". Na picha ziko sita, zote za mbele. Hakuna hata moja mlango wa nyuma ukiwa wazi.

MamaZai_Leicester

Mdogo wangu pole, mie niko huku Uingereza na najua wanavyofanya, maana nanunua na kuuza pia. Mie sio kamera, mie ni cherehani za Singer za mkono, zile nyeusi zenye nakshi ya dhahabu alizokuwa nazo bibi. Sasa nikwambie, kila mwenye nayo huku anaandika "adimu sana". Adimu wapi! Kiwanda cha Clydebank kule Scotland kilianza miaka ya 1880 mpaka 1980 kikafungwa, kimetoa mamilioni, ukitoa namba ya mashine unajua mpaka mwaka iliotoka. Na hiyo AE-1 yako ni hivyo hivyo, zimeuzwa mamilioni duniani. Leo ukiikosa, Jumatano iko nyingine na Jumapili ijayo ziko tano. Hilo ungelikumbuka pale kwenye 80 ungelifunga simu ukasikiliza kikao.

Swali lako la muuzaji kujipandishia mwenyewe. Yapo hayo, yamekatazwa na huku ni kosa la kisheria, lakini yapo. Ila kwa ulivyoeleza mie sioni. Anayejipandishia huwa anasogea kidogo kidogo mapema, anaogopa kubakia na mzigo wake mwenyewe dakika ya mwisho. Fungua historia ya madau, angalia yule mwenye nyota kama madau yake mengi ni kwa muuzaji huyo huyo mmoja au yametawanyika. Kama yametawanyika basi alikuwa mtu kama wewe, yuko kwenye kochi lake anakutukana wewe kwamba wewe ndio mhuni unayemsukuma.

Sasa mie nafanyaje. Sitazami bei walizoandika wauzaji, bei za kuomba mtu anaweza kuandika hata elfu. Natazama zilizokwisha kuuzwa, eBay kwa mfano kuna sehemu unachagua "zilizouzwa" zinatoka peke yake na bei watu waliyolipa kweli. Nachukua kama kumi hivi, naitupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, nasoma za katikati na hali zake. Halafu natoa posta, natoa matengenezo, kinachobakia ndio namba yangu. Naiandika kwenye KARATASI, naibandika mlango wa friji. Kichwani usiweke namba, kichwani inakua.

Halafu siingii mapema. Watu hawaujui huu mfumo: ukiweka 70 haina maana unalipa 70, mtandao unakupandishia wenyewe hatua kwa hatua mpaka umzidi wa pili, unalipa la wa pili na hatua moja juu. Ndio maana uliandika 150 ukalipa 143. Sasa kama namba yako ya kweli ni 70, weka 70 mara moja sekunde za mwisho kisha uondoke. Ikichukuliwa kwa 75 imechukuliwa na mtu aliyeitaka kuliko wewe, mwachie. Wewe uliyoyafanya, 72, 80, 95, 110, kila ukiandika unampa mwenzio nafasi ya kufikiri tena na yeye anakupa wewe, mnapandishana kama watoto kwenye mwembe.

Jengine, Jumapili usiku ndio wakati mbaya kuliko yote kununua, kila mtu yuko nyumbani na chai yake. Mie Singer yangu nzuri kuliko zote niliipata Jumanne saa 5 asubuhi, watu wako makazini, pauni 18.

Na la mwisho limeniuma zaidi ya bei. Miezi miwili kwa binamu! Ulinzi wa mnunuzi kwenye mitandao hii una siku zake, eBay ni siku 30 tangu mzigo ufike. Binamu angelifungua boksi, akatia betri, akakupigia video, ungelirudishiwa pesa zako, kwa sababu kama tangazo halikusema mbovu na imekuja mbovu una haki. Sasa hivi umechelewa.

Njugu_Karanga (Nairobi)

Pole bro but mimi niko na maoni tofauti kidogo na huyo mama, heshima kwake. Hii story ya "imepita bei ya soko" watu wanaichukulia serious sana. Mimi Nikon FM2 yangu nililipa zaidi ya kila mtu, boys walinicheka mwezi mzima, lakini ilikuwa imefanyiwa service, seller aliweka picha ya kila kona, shata zote alizijaribu, na hiyo kamera ni chuma tupu, betri ni ya kipima mwanga tu, ikiisha unaendelea kupiga. Sijawahi kuipeleka kwa fundi. Wenye walinicheka walinunua za bei rahisi na wameshalipa fundi mara tatu.

So shida yako si ati ulilipa 143. Kuna AE-1 za 143 zenye zinastahili. Shida ni ulilipa bei ya nzima ukanunua ya kubahatisha.

Alafu kwa wale mnaagiza direct mkitumiwa na posta, hesabuni kodi mapema manze. Huku VAT ni 16, TZ ni 18, na hawakati kwa bei ya kamera peke yake, wanajumlisha na usafiri na ushuru ndio wakate. Kuna time niliona lenzi ya Japan "ya bure" hivi, vile ilifika airport JKIA haikuwa ya bure tena.

Mwl_Msalato (Dodoma)

Mimi ni mwalimu wa uchumi wa kidato cha tano na sita, huu uzi nitauingiza darasani bila jina lako usijali.

Ulichokipata kina jina, wachumi wanaita laana ya mshindi. Haikuanzia kwenye kamera, 1971 wahandisi watatu wa kampuni ya mafuta Marekani waliandika kwamba makampuni yanayoshinda zabuni za vitalu vya mafuta kule Ghuba ya Mexico yanapata faida ndogo kuliko walivyotegemea, wakajiuliza kwa nini. Jibu lao rahisi tu: hakuna anayejua kitalu kina mafuta kiasi gani, kila kampuni inakadiria, wengine chini wengine juu, na anayeshinda ni nani? Ni yule aliyekadiria juu kuliko wote. Yani mnada wenyewe unamchagua aliyekosea zaidi. Mkiwa kumi kwenye mnada na wewe ukashinda, maana yake watu tisa waliotazama picha zile zile sita waliona haifai bei hiyo.

Tena usishangilie wakiwa wengi. Wengi wakiwepo ndo inabidi upunguze dau lako, siyo uongeze, na akili ya mtu inafanya kinyume, ukiona watu wengi unasema kumbe ni kitu kizuri.

Mzee wangu alikuwa mtu wa ng'ombe, nimekua naye mnadani. Akifika haulizi bei. Anazunguka, anamfungua ng'ombe mdomo anaangalia meno, anamsukuma aone anavyokanyaga, anamgusa mgongo. Akimaliza anakwenda kunywa chai mbali kabisa, harudi mpaka ameshajua atatoa ngapi. Siku moja nikamuuliza mbona tunakaa huku, akasema pale karibu kuna kelele, kelele zinakula hela. Mtandaoni huwezi kumfungua ng'ombe mdomo, ndo maana unamwandikia muuzaji kabla: nitumie picha ya mlango wa nyuma ukiwa wazi, washa tochi nyuma ya lenzi upige, nitumie video ukipiga kwa kasi ya 1/1000 ya sekunde na kwa sekunde moja. Asiyejibu ameshajibu.

Kobe_wa_Buza

Mwalimu umemaliza. Mimi nitaongeza kitu cha Kariakoo. Pale ukitajiwa 80 unasema 30, anakataa, unaondoka, hatua ya tano unasikia "oya njoo, leta hamsini". Ile hatua ya tano ndo inayotuokoa sisi wote. Huko kwenye mnada ukiondoka hakuna anayekuita, kwa hiyo mtu haondoki. Halafu kuna muuzaji wa kwanza kabisa wa eBay, 1995 mwanzilishi wake aliuza tochi ya leza MBOVU kwa dola 14 na senti 83, akamwandikia mnunuzi wewe unajua hii ni mbovu? Jamaa akajibu najua, mimi nakusanya mbovu. Mkanda36 jiunge naye.

Mkanda36

Hahaha sawa Kobe. Wakuu narudi na mrejesho.

Nimeangalia historia kama alivyosema dada MamaZai. Yule mwenye nyota ana madau kwa wauzaji kibao, kamera na lenzi tupu, kwa hiyo ni mgonjwa mwenzangu. Nilikuwa nataka sana awe tapeli. Na nimezitazama zilizouzwa, AE-1 na lenzi hiyo hiyo, wiki ile ile yangu: nyingi ziko kati ya 75 na 105, na ya 105 ilikuwa imesafishwa na ina mkoba. Moja imeuzwa 69 Jumatatu asubuhi. Siku moja baada ya yangu!!

Sponji nimebandua mwenyewe, nimetumia spiriti na vijiti vya meno pakiti nzima, vidole vyangu vilikuwa vyeusi siku mbili, ofisini wakaniuliza nimeanza ufundi wa gereji. Mafuta sikuthubutu, nimempata mzee mmoja anatengeneza saa za mkono, nikamsomea maelezo ya fundi_lenzi neno kwa neno. Akasikiliza, akavaa ile miwani yake ya jicho moja, tone moja tu kwenye ncha ya sindano, akapiga mara ishirini hivi huku kaiweka sikioni. Mara ya kumi na kitu mlio ukakata. Kachukua elfu 15, na akanikatalia kugusa lenzi, kasema vioo sio kazi yake. Nimempenda kwa hilo.

Mkanda wa kwanza nimepiga, picha 36, zimesafishwa zimetoka 33. Zenye jua mbele zina ukungu kweli kama ulivyosema mzee, ila kuna moja ya binti yangu dirishani asubuhi ule ukungu umekaa vizuri mpaka mke wangu ameiweka kwenye simu yake. Siiuzi.

@Njugu_Karanga umesema kweli, ila mimi kwa 143 niliyolipa nilitaka isikohoe.

fundi_lenzi

Huyo mzee wa saa mshike, watu kama hao ni wachache. Lenzi ukija Mombasa niletee niitazame, kuitazama sichukui pesa.

MamaZai_Leicester

Hongera mdogo wangu. Na sasa upumzike kununua.

Mkanda36

Dada hapo kwenye kupumzika... kuna lenzi ya 135mm ya Canon hiyo hiyo, imefika pauni 22, bado siku mbili, inaisha JUMANNE mchana nimeangalia. Nimemwandikia muuzaji amenitumia picha ya tochi, safi kabisa, vioo vyeupe. Zilizouzwa nimezipitia kumi na mbili. Binamu ameshaambiwa afungue boksi siku hiyo hiyo. Namba nimeiandika kwenye karatasi kubwa nimeibandika kwenye friji kama ulivyosema, 40, peke yake bila maelezo.

Mke wangu ametoka jikoni sasa hivi ananiuliza, baba Neema, hii arobaini ni ya nani tena, mbona hatujaambiwa msiba?